Nimebadili neno la siri la Katuba, Kenya wakafungiwa nje: mtumiaji wa PostgreSQL ni wa hifadhidata moja au wa seva nzima?

kompyuta_kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu nyote. Ninatunza seva moja ya PostgreSQL (programu ya kuendesha hifadhidata), toleo la 15, juu ya Debian 12. Iko ofisini kwangu Kamalondo, na betri mbili za kuibeba SNEL (shirika la umeme) wakikata kuran, yaani umeme. Inahudumia maduka ya dawa: moja liko Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi), moja Katuba, na la tatu la Ruashi linaanza wiki mbili zijazo. Wenye maduka ni watu watatu tofauti, hawana undugu wala ushirika. Kila duka lina hifadhidata yake: `kenya`, `katuba`, `ruashi`.

Programu ya kuuzia ni ile ile kwa wote. Iliandikwa kwa Kifaransa zamani na kijana ambaye alishahama, na simu yake haipatikani tena. Majina ya watumiaji yamegandishwa ndani ya programu yenyewe: muuzaji anaingia kama `caisse`, msimamizi kama `gerant`. Pembeni kuna faili ndogo ya mipangilio ambamo naweza kubadili anwani ya seva, poti (namba ya mlango wa kuingilia seva), jina la hifadhidata na neno la siri. Jina la mtumiaji halimo.

Kenya wanafanya kazi tangu mwaka jana. Jumamosi alasiri nilikuwa nawawekea Katuba. Skripti yangu inaanza na `CREATE ROLE caisse LOGIN PASSWORD ...`, nikaona mstari unapita haraka:

`ERROR: role "caisse" already exists`

Skripti haikusimama. Ilijenga meza zote hadi mwisho, nikadhani ni mabaki ya jaribio langu la Ijumaa. Nikaandika `ALTER ROLE caisse PASSWORD` na neno jipya la Katuba, nikajaribu, ikaingia, nikafunga ofisi. Kenya waliendelea kuuza mpaka jioni bila shida yoyote, ndiyo maana sikuhusisha mambo hayo mawili.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ikalia. Nilipanda pikipiki hadi Kenya. Nilimkuta muuzaji anaandika risiti kwa mkono kwenye daftari la shule, foleni imetoka mlangoni hadi kwenye vumbi la barabara. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mwenye homa, karatasi ya daktari mkononi, anasubiri dawa ya malaria ambayo muuzaji hakuthubutu kuitaja bei, kwa kuwa bei zote ziko kwenye kompyuta. Kwenye skrini:

`FATAL: password authentication failed for user "caisse"`

Nikajaribu neno la siri la Katuba palepale. Hifadhidata ya Kenya ikafunguka. Hapo nilishtuka zaidi, nikajaribu kinyume chake pia: kwa `caisse` huyo huyo, nikiwa Kenya, niliingia `katuba` na kusoma meza ya bei za kununulia, mstari kwa mstari. Bei za kununulia ndiyo siri kubwa ya mwenye duka la dawa. Watu hawa wamenikabidhi siri hiyo.

Kwa sasa nimeweka neno moja kwa wote ili wagonjwa wapate dawa, lakini silali vizuri. Naomba mnieleze: `caisse` niliyemuunda nikiwa ndani ya `kenya`, kwa nini yuko pia `katuba`? Na nitafanyaje kila duka liwe na `caisse` wake mwenyewe ikiwa jina siwezi kuligusa?

---

yaya_wa_seva (Lubumbashi)

Mdogo wangu, pole sana. Hukufanya jambo la ajabu. Karibu kila mtu anayeanza PostgreSQL anafikiri kwamba ukiwa ndani ya hifadhidata fulani na ukaunda mtumiaji, basi mtumiaji ni wa humo. Sivyo.

Fikiria lupango lenye nyumba tatu. Orodha ya watu inatunzwa getini, si katika kila nyumba. PostgreSQL inaziweka roli zote, yaani watumiaji, katika `pg_authid`, na hiyo ni mojawapo ya meza chache za mfumo ambazo klasta nzima (seva moja ya PostgreSQL pamoja na hifadhidata zake zote) inachangia. Ingia `kenya` uandike `\du`, kisha `\c katuba` na `\du` tena: ni orodha ile ile. `CREATE USER` nayo haibadilishi kitu, ni `CREATE ROLE` yenye `LOGIN` tu.

Kinachobaki ndani ya kila hifadhidata ni ruhusa: nani asome meza gani, nani aandike. Wewe ulimpa `caisse` ruhusa za meza za Kenya, halafu skripti ile ile ikampa za Katuba. Mtu mmoja, funguo za nyumba mbili. Na mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu mwanzo, maana hifadhidata mpya humpa `PUBLIC`, yaani kila roli, haki ya `CONNECT` bila wewe kusema neno.

Kwa nini Kenya hawakuanguka Jumamosi? Neno la siri huangaliwa wakati wa kufungua muunganisho tu. Programu yao ilikuwa imeshaingia tangu asubuhi. Walipozima jioni na kuwasha Jumatatu ndipo walipoulizwa upya.

Dawa ya kawaida ni kutenganisha majina, `kenya_caisse` na `katuba_caisse`, kisha `REVOKE CONNECT ON DATABASE kenya FROM PUBLIC` na kumpa haki hiyo mwenye duka lake peke yake. Kwako majina yamegandishwa, kwa hiyo njia hiyo imefungwa. Lakini usiku huu huu kuna kitu unaweza kufanya. Kila duka linakujia kwa mtandao wake? Kama ndiyo, fungua `pg_hba.conf`, faili inayosema nani aingie hifadhidata gani kutoka wapi, ondoa mstari unaosema `host all all`, uweke:

`host kenya caisse,gerant 10.8.1.0/24 scram-sha-256`
`host katuba caisse,gerant 10.8.2.0/24 scram-sha-256`

(Badilisha anwani ziwe zako.) Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, seva haiendelei kutafuta mwingine, kwa hiyo ukiacha `all all` juu umefanya kazi bure. Kisha `SELECT pg_reload_conf();` na utazame `pg_hba_file_rules`, safu ya `error`, kama umekosea kuandika. Hapo kompyuta ya Katuba haitafika `kenya` hata ikiwa na neno la siri sahihi. Neno bado ni moja, lakini angalau bei zimejificha.

Na skripti zako zote uziendeshe kwa `psql -v ON_ERROR_STOP=1`. Ule mstari uliopita haraka ungesimamisha kila kitu Jumamosi.

Jambo la mwisho, nakuambia kama dada yako: wenye maduka waambie. Usisubiri wasikie kwa mtu mwingine.

---

kodi_za_kivu (Bukavu)

Samahani kuingilia, lakini si kuna mpangilio wa `db_user_namespace`? Nimewahi kuusoma. Ukiuwasha, roli unaiunda kama `"caisse@kenya"`, na mteja akijileta kama `caisse` kwenye hifadhidata `kenya`, seva yenyewe inaongeza `@kenya` nyuma ya jina. Ndicho hasa anachotaka kaka: jina moja kwenye programu, watu wawili kwenye seva. Na mtumiaji wa seva nzima anaingia kwa kuweka `@` mwishoni mwa jina lake.

---

mzee_wa_data (Lubumbashi)

Kijana wa Bukavu amesoma vizuri, mpangilio huo ulikuwepo, tangu toleo la 7.3 la mwaka 2002. Ila asiutumie, na nitasema sababu.

Kwanza, maelezo rasmi yenyewe yalisema tangu mwanzo kwamba ni kitu cha muda hadi suluhisho kamili lipatikane. Suluhisho halikuja, na mwaka 2024, toleo la 17, mpangilio ukaondolewa kabisa. Toleo lako la 15 lilitoka 2022, na kila toleo kubwa hutunzwa miaka 5. Siku ya kupandisha toleo itafika, na maduka yote yatafungiwa nje asubuhi moja. Umeshaona asubuhi kama hiyo inavyokuwa.

Pili, mteja anajiita `caisse` na seva inamwita `caisse@kenya`. Njia ya `md5` ya kuficha neno la siri huchanganya jina la mtumiaji na neno hilo (huitwa chumvi) pande zote mbili, kwa hiyo maelezo yalikataza `md5` pamoja na mpangilio huu. Sitaki neno la siri la duka la dawa lisafiri wazi kwa sababu ya hila ya majina.

Nimefanya kazi na mifumo mingine pia, na kila mmoja umelijibu swali hili kwa namna yake. Oracle, tangu 12c ya mwaka 2013, wana watumiaji wa pamoja, ambao majina yao huanza na `C##`, na watumiaji wa hifadhidata moja moja. SQL Server wana ngazi mbili, kuingia kwenye seva na kuwa mtumiaji ndani ya hifadhidata, na tangu 2012 hifadhidata inaweza kubeba watumiaji wake na maneno yao ya siri ndani yake. MySQL wao jina linafungwa na anwani anakotoka mtu, lakini orodha ni ya seva nzima. PostgreSQL imebaki na orodha moja kwa klasta moja.

Basi jibu limo humo humo: kwa *klasta* moja. Hukulazimishwa kuwa na klasta moja. Debian inakuwezesha kuweka kadhaa kwenye mashine moja, kila moja na poti yake, faili zake, `pg_hba.conf` yake, na `pg_authid` yake. `caisse` wa kwanza na `caisse` wa pili hawatajuana. Na wewe umesema poti iko kwenye faili ya mipangilio. Hiyo ndiyo bahati yako.

`pg_createcluster 15 kenya -p 5433 --start`
`pg_createcluster 15 katuba -p 5434 --start`
`pg_createcluster 15 ruashi -p 5435 --start`

Kisha `pg_lsclusters` uzione zimesimama. Data zitakaa `/var/lib/postgresql/15/kenya`, mipangilio `/etc/postgresql/15/kenya`, na kadhalika.

Roli uziunde upya kwa mkono katika kila klasta. Usizihamishe kwa `pg_dumpall --globals-only`, maana utabeba lile neno la siri la pamoja unalotaka kuliacha. Neno jipya uliweke kwa `\password caisse` ndani ya `psql`, kwa kuwa amri hiyo hulificha kabla ya kulituma. `ALTER ROLE` yenye neno wazi inaweza kubaki kwenye logi.

---

kompyuta_kamalondo

Papa, aksanti sana. Yaya, `pg_hba.conf` niliibadilisha usiku ule ule, na nimejaribu kutoka Katuba: kuingia `kenya` kunakataliwa. Kila duka kweli lina mtandao wake.

Swali moja kabla ya Jumapili. Mashine yangu ina gigabaiti 8 za kumbukumbu tu. Klasta tatu haziwezi kuilemea?

---

mzee_wa_data

Hapana. `shared_buffers`, kumbukumbu ambayo klasta hujitengea, kwa kawaida ni megabaiti 128, tatu ni 384. Maduka matatu yenye wauzaji wawili watatu kila moja hayatafika popote karibu na miunganisho 100 ambayo kila klasta inaruhusu. Gharama ya kweli ni kazi yako: vitu vitatu vya kutunza, kupandisha toleo mara tatu, nakala za akiba mara tatu. Ukifika wateja thelathini, njia hii itakuchosha, na hapo ni lazima programu ibadilike. Kwa watatu ni sawa kabisa.

---

kompyuta_kamalondo

Narudi na habari, maana nyinyi ndio mliniokoa.

Jumapili maduka yamefungwa nilianza na Kenya. `pg_dump -Fc kenya`, nikaunda klasta, nikaendesha `pg_restore` kwa haraka, ikajaa makosa: `role "gerant" does not exist`. Meza zote ni mali ya `gerant`, na nakala ya hifadhidata moja haibebi roli. Yaya alishaeleza kwamba orodha iko getini, nami nilikuwa nimeielewa kwa kichwa tu, mikono ilikuwa bado. Nikafuta, nikaunda `caisse` na `gerant` kwanza, nikarudisha tena, safi.

Kisha nikapanda pikipiki hadi Kenya, mwenye duka akanifungulia. Nikaandika poti 5433, programu ikasema muunganisho umekataliwa. Nusu saa nzima nilikuwa natafuta kosa kwenye antena. Kumbe klasta mpya inasikiliza `localhost` peke yake. Nilirekebisha `listen_addresses`, na hiyo inahitaji kuwasha upya, kupakia upya mipangilio hakutoshi: `pg_ctlcluster 15 kenya restart`. Programu ikafunguka.

Jaribio nililolitaka tangu Jumatatu ile nilifanya saa kumi jioni. Nikabadili neno la siri la `caisse` wa Katuba, poti 5434. Nikazima programu ya Kenya kabisa, nikaiwasha. Ikaingia na neno lake la zamani la Kenya. Nilifanya hivyo mara tatu. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya kaunta ananitazama, akauliza, "Unaifunga na kuifungua kwa nini?" Basi nikamweleza yote, hapo hapo.

Alinyamaza muda. Kisha akauliza swali moja tu: nani aliweza kuziona bei zake, na kwa siku ngapi? Nikamjibu kwamba yeyote aliyekuwa kwenye kompyuta ya Katuba, kuanzia Jumamosi alasiri hadi Jumatatu usiku, ikiwa angejua kubadili jina la hifadhidata kwenye ile faili. Akataka nimhakikishie kwamba hakuna aliyefanya hivyo. Sikuweza. `log_connections` ilikuwa imezimwa, kama seva inavyokuja, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya nani aliingia wapi. Nilimwambia hivyo bila kuzungusha. Sasa imewashwa katika klasta zote, na nimemwahidi kumpelekea orodha ya waliounganika kila mwisho wa mwezi pamoja na ankara. Ameniachia kazi. Wa Katuba nilimwona Jumatatu, naye alinisikiliza. Ruashi wataanza moja kwa moja kwenye 5435.

Hifadhidata za zamani kwenye 5432 nimeziacha kwanza, kwa usalama.

---

yaya_wa_seva

Umefanya vizuri kumwambia uso kwa uso, mdogo wangu.

Ukiwa tayari kusafisha 5432, ujue `DROP ROLE caisse` itakataa maadamu kuna hifadhidata ambamo bado anamiliki kitu au ana ruhusa. Futa hifadhidata zile kwanza, roli baadaye.

---

mzee_wa_data

Subiri. Umesema za zamani ziko bado kwenye 5432. Nakala zako za akiba za usiku zinaendeshwa vipi? Ikiwa cron yako (ratiba ya kazi za kujiendesha) inasema `pg_dump kenya` bila poti, basi inachukua ile ya zamani iliyoganda Jumapili, na haitakupa kosa lolote, kwa kuwa hifadhidata ya jina hilo ipo. Angalia leo, kabla ya kulala.

---

kompyuta_kamalondo

Papa. Nimeangalia sasa hivi. Faili za usiku tatu zilizopita zina ukubwa sawasawa, baiti kwa baiti. Nimefungua ya jana: mauzo ya mwisho ni ya Jumamosi.

Nimeweka `pg_dump --cluster 15/kenya -Fc kenya` na ya Katuba vivyo hivyo, na `pg_dumpall --globals-only` kwa kila klasta pembeni yake ili roli nazo zihifadhiwe. Nimeziendesha kwa mkono, nikairudisha ya Kenya kwenye klasta ya majaribio, poti 5440. Mauzo ya mwisho: leo, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, paracetamol vidonge kumi.

Zile za 5432 nazifuta kesho asubuhi.